Kifungu Alichokifuta Kongoni

Sikilizeni yaliyomkuta Kongoni. Alipokuwa mbunge wa wanyama alipitisha sheria kali: atakayekunywa bwawani kabla ya zamu yake afukuzwe mbugani. Akashangiliwa, na baadaye wakampa ujaji.

Kiangazi kilipokaza, mshtakiwa wa kwanza kuletwa mbele yake alikuwa mama yake mzazi, ajuza aliyeishiwa nguvu kwa kiu.

Kongoni akamgeukia karani wake, Kicheche. "Hakuna kifungu cha msamaha?"

"Kilikuwepo, Mheshimiwa," Kicheche akajibu taratibu. "Ulikifuta mwenyewe, ukasema huruma inaharibu sheria."

Mama akasema, "Hukumu tu, mwanangu. Usinionee haya."

Kongoni akahukumu kama sheria ilivyotaka. Kisha akavua joho, akamwegemeza mama yake ubavuni, wakaondoka mbugani wote wawili.