Springi za Honda ya Mama

Haraka haraka ina baraka, ndivyo Kiyomi alivyoamini alipozikata springi za Honda aliyopewa na mama. Gari la kuendea sokoni sasa lilijilaza chini kama paka anayevizia, tayari kwa mashindano ya Jumamosi ya magari yaliyoshushwa. Mtaani kwao Gardena hakuna aliyewahi kuthubutu kukata springi za gari.

Baba alirudi kutoka kukata nyasi za watu. Alipiga magoti, akapapasa ncha ya springi. Ilikuwa imepigwa tupa hadi ikawa laini.

"Mkono unao," alikiri. "Lakini umelivunja mgongo gari alilokupa mama yako, wewe! Muombe radhi, au nipe ufunguo."

Mama alikuwa ameshaketi kiti cha mbele cha gari, kapakata mkoba. "Twende sokoni basi, tuone."

Kiyomi aliwasha gari.

"Radhi siombi, Baba."