Hodi ya Mwenyekiti

Mwenyekiti aliingia Mtaa wa Narung'ombe kichwa wazi, bila kofia, na wanawake wakaanza kufunga milango.

Ilikuwa alasiri, jua kali, Kariakoo imejaa watu. Evarista alikuwa barazani akimenya mihogo ya kukaanga. Alipomwona mzee yule, kisu kilimtoka mkononi, wala hakukiokota.

Wakimbizi wote wa kule kwao, ng'ambo ya mpaka wa kusini, walimjua Mwenyekiti Melkiori kwa mambo mawili. La kwanza, ndiye aliyeanzisha vita vya kumng'oa mkoloni, na huu mwaka wa saba vijana walikuwa porini wakipigana kwa jina lake. La pili, habari ya msiba hakumtuma mtu. Kijana akifa vitani, Mwenyekiti mwenyewe alikuja kwa miguu mpaka kwa mama mtu, kofia yake ya kijeshi ameivua, akalisema neno hilo kwa mdomo wake. Viongozi wangapi wanafanya hivyo? Kwa hilo watu walimpenda, na kwa hilo hilo walimwogopa kuliko ndui.

Ikawa desturi. Akionekana kichwa wazi, majirani huingia ndani na kufunga, ili mama aambiwe peke yake. Hatoki mtu mpaka asikie kilio.

Evarista alikuwa na mtoto mmoja tu, Ignasi. Mumewe alishakufa, nduguze walibaki kule kwa mkoloni. Alichobakiwa nacho duniani ni huyo kijana. Salamu zake za mwisho zililetwa na dereva wa lori: hajambo, ila vijana wana hasira, wamesikia Mwenyekiti anataka kupatana na mkoloni wakati wao wanakufa. Evarista hayo ya hasira aliyapuuza. Alichoshika ni lile neno hajambo, akalitembeza mtaa mzima.

Sasa alimtazama mzee anavyokuja. Leo hata walinzi hana. Anatembea mbio mbio, shati limelowa jasho, mguu mmoja hauna kiatu. Mungu wangu, aliwaza Evarista, msiba huu umemchanganya mzee, huyo aliyekufa alikuwa kipenzi chake. Akaomba apite. Akaomba aende kwa Benedikta, nyumba ya pili, ambaye ana watoto watano huko porini. Mmoja akipungua si atabaki na wanne? Ndivyo alivyowaza, na haya hakuona.

Mwenyekiti hakupita. Aligeuza uso, akamtazama yeye.

Evarista alikimbilia chumbani, akapiga komeo, akasukumia na kitanda mlangoni. Huko koridoni milango ya wapangaji wenzake ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Bi Sabaha, mwenye nyumba, ambaye ulimi wake haupumziki kutwa nzima, alizima redio yake akanyamaza.

Hodi ikapigwa.

"Mama Ignasi, nifungulie."

"Sifungui, baba. Nenda zako."

"Si hilo unalofikiria. Nifungulie upesi."

Evarista hakudanganyika. Alishasimuliwa na wenzake kwamba mzee huyu huanza kwa kumtuliza mtu. Tena moyoni alishakata shauri: neno lisiposemwa, halijatokea. Mlango ukiwa umefungwa, Ignasi yu hai. Ukifunguliwa, basi tena. Akaegemeza mgongo kitandani, akaziba masikio, akaanza kusali Salamu Maria kwa sauti ili asisikie kitu.

Mwenyekiti akaupiga mlango kwa viganja vyote viwili. Akamwita Evarista, jina ambalo siku zote, kwa heshima, hakuthubutu kumwita. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kulia. Evarista alimwonea huruma, kweli alimwonea, maana ndiye aliyemshika mkono akamvusha mpakani ule mwaka wa kukimbia. Lakini hakufungua. Mtoto ni mtoto.

Kukawa na vishindo vya miguu koridoni, kisha kitu kizito kikashuka chini pale mlangoni. Amekaa, Evarista alijiambia. Kwa hilo nalo walimjua: mama akigoma kufungua, mzee hukaa sakafuni akasubiri. Basi na asubiri mpaka kesho. Na asubiri mpaka siku ya uhuru.

Alisali tena, akarudia, akarudia. Alipotoa vidole masikioni, kulikuwa kimya. Hakuna aliyemwita, hakuna aliyegonga. Mzee kachoka, hana la kusema tena. Nimemshinda, aliwaza, na furaha kubwa ikampanda. Habari imerudi ilikotoka, na mwanawe bado anaishi.

Hodi ikapigwa tena, taratibu.

"Mama. Ni mimi, fungua."

Sauti ile hata angekuwa kaburini angeijua. Alivuta kitanda mpaka kucha ikamng'oka, komeo likagoma, likaachia, na Ignasi huyo hapo, mrefu, kakonda, mzima, na wenzake wawili nyuma yake wameinama gizani mwa korido wakikokota kitu. Evarista hakuwatazama. Alimrukia mwanawe shingoni, akacheka, akalia, akampapasa uso, masikio, mabega, akihakikisha hakuna kilichopungua. Alijaza pumzi apige vigelegele, mtaa mzima ujue kwamba leo Mwenyekiti alikosea nyumba.

Ignasi alimziba mdomo kwa kiganja kilicholowa.

"Usipige kelele, mama, watu watatoka," alisema kwa upole. "Wenzangu walitaka tummalize mzee kule kule ofisini kwake. Mimi nikawaambia tumswage huku kwetu, mama yangu hatamfungulia."