Maji ya Wageni

Nesi alifungua friji ya chanjo akakuta maji ya wageni, chupa zimepangwa safu safu. Chanjo za surua zilikuwa dirishani, juani, vichupa vimetoka jasho hadi vikakauka.

"Nani katoa hizi? Zikipata joto zimekufa!"

"Punguza sauti, dada," mkuu wa zahanati alinong'ona. "Wafadhili wameshafika. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Apone kwa maji baridi?"

Nje, kina mama walikuwa kwenye foleni, watoto mgongoni.

Mfadhili aliingia akitabasamu, akaipapasa friji waliyoileta wao wafadhili. "Inafanya kazi?"

"Mno," alijibu nesi.

Akampa chupa ya maji mkono wa kulia, kichupa cha chanjo mkono wa kushoto.

"Shika mwenyewe, uone inamfanyia nani kazi."