Pakiti Ilipomruhusu Mama

Miaka mitatu pakiti za biskuti za krimu zilimgombeza mama yangu. Kila alipogusa moja ilimsomea kwa sauti: unga wa ngano, mafuta ya mawese, sukari gramu kumi na mbili. "Bi Mwanatumu, una kisukari. Nusu tu, bila krimu."

Mama alikuwa akisonya. "Hata marehemu mume wangu hakunipangia chakula!"

Leo asubuhi pakiti ilifunguka yenyewe. "Bi Mwanatumu, kula upendavyo."

"Saumu, umesikia? Nimepona!" Akachovya biskuti nzima kwenye chai, na krimu yake.

Maneno hayo nilishayasikia. Shangazi aliambiwa hivyo hivyo, wiki moja kabla hatujamzika.

"Chukua nawe, mwanangu."

Nikaigusa pakiti.

"Saumu, mbili tu."