Sabuni ya Mtoto

Kikohozi kikavu kilisikika chini ya kitanda, kikanyamaza, kikarudi tena. Chiku alifumbua macho, akamvuta karibu mtoto wake aliyezaliwa jana. Ilikuwa Ijumaa. Kila Ijumaa, kabla ya king'ora cha adhuhuri, kila nyumba nchini lazima iwe imehama. Isiyosogea hubebwa, na wenyewe hupelekwa mabwenini, mama huku, baba kule.

"Mwaluko! Injini itawaka, au tuanze kuagana?"

"Uagane na nani, mke wangu? Utaondoka hapo umelala!" mumewe akajibu kutoka uvunguni mwa gari.

Chiku akacheka. Gari lao la kulala lilikuwa kuukuu kuliko wao wawili, lakini mikono ya Mwaluko haikujua kushindwa. Mkanda wa feni aliusuka kwa tyubu ya baiskeli, na bawaba za mlango alizikata kwenye ndara. Leo tangi la mafuta lilikuwa linavuja.

"Nipe sabuni."

"Ya mtoto? Ndiyo ya mwisho!"

"Wakitutenganisha, ataogeshwa na nani?"

Akampa. Mwaluko akaifinyanga, akaikandamiza tunduni kwa kidole gumba, matone yakakoma. Akakimbilia usukani; nyumba ikanguruma, ikatetemeka, ikaondoka king'ora kikianza kulia.

Chiku akatazama nyuma dirishani. Pale alipojifungulia, upepo ulikuwa tayari unafuta alama za magurudumu. Akamwinamia mwanawe.

"Nakuahidi," akasema kwa sauti, "nitakurudisha pale ulipozaliwa, ukanyage udongo wake, na tukae mpaka Jumamosi."