Mabenchi Yameng'olewa

Bi Tatu alifika uwanjani na bakuli la wali, akakuta mabenchi yote yameng'olewa. Hapo ndipo mwanawe Shekue, aliyerukwa na akili, alipokuwa akishinda akizungumza peke yake.

"Halmashauri imesafisha mji, mama," mgambo mmoja aliyesimama hapo alimwambia. "Walevi, wendawazimu, wote wamepakiwa kwenye lori asubuhi."

"Wamepelekwa wapi?"

"Mbali. Wameshushwa njiani, mmoja mmoja."

Bi Tatu akaliweka bakuli chini. "Mwanangu hajui njia ya kurudi, baba. Anachokijua ni sauti yangu tu."

Akaigeukia barabara kuu, akaita, "Shekue."

"Mama, kelele zimepigwa marufuku hapa." Mgambo akamshika mkono.

Bi Tatu akavuta pumzi, akaita tena, mpaka wapita njia wakasimama.