Kifungo Chini ya Ulimi

Kifungo cha shati kilikuwa chini ya ulimi wake.

"Usikimeze," wifi yake akamnong'oneza. "Na usikiteme. Ukikitema utaongea, na ukiongea tumekwisha."

Walikuwa wamekaa kwenye benchi la ofisi ya majaribio ya udereva, mjane na dada wa marehemu mumewe, wakisubiri namba iitwe. Ilikuwa mara ya saba kwa mjane kujaribiwa. Safari hii alichagua ofisi ya mji wa pili, mwendo wa saa mbili kutoka nyumbani, na mtandio alikuwa ameushusha mpaka kwenye nyusi kama mgonjwa wa jino.

Zile mara sita hazikwenda bure. Kila moja aliichambua kama mchele. Mara ya kwanza aliangalia miguu badala ya barabara. Ya pili vilevile. Ya tatu alishika usukani kwa mkono mmoja, tena kwa pembeni. Ya nne na ya tano ilikuwa hofu tupu, mwili mzima ganzi. Ya sita ndiyo iliyomvua nguo: alikuwa anarudi nyuma kati ya mapipa, akaona pipa linamjia kwenye kioo, akapiga kelele, "Breki! Breki!" Kisha akangoja. Pipa likalala chini.

"Mama," mtahini alimuuliza siku hiyo, "ulikuwa unamwambia nani?"

Ndipo kifungo kilipoingia mdomoni. Miezi miwili, kila alfajiri kabla ya kazi, alizungusha gari, kifungo mdomoni, kwenye uwanja wa kiwanda kilichofungwa nyuma ya nyumba, wifi akihesabu makosa kwa punje za mahindi. Siku ya kwanza punje zilijaa kikombe. Jana zilikuwa tatu.

"Leo nikifeli..." akaanza.

"Kifungo!"

Akafunga mdomo. Hata hivyo wote wawili walijua mwisho wa sentensi. Jumatatu wakaguzi wanapita kazini kwake, na atakayekutwa hana leseni mkononi hana kazi. Pengine atakuwa na kesi pia.

"Wifi yangu," akasema yule mwenzake, safari hii kwa upole, "nyumba nzima inakula kwa mdomo wako. Leo tuonyeshe na miguu."

Mwanamume mmoja mnene aliyekaa mkabala alikuwa amemkodolea macho muda mrefu. Akasogea.

"Samahani, mama. Mimi nimekuja kuongeza daraja la leseni, nataka kuendesha lori. Mbona kama nakujua?"

Damu ikamwisha usoni. Akatikisa kichwa.

"Ningesikia sauti tu, ningekumbuka," mwanamume akang'ang'ania.

"Hana sauti, kaka yangu," wifi akadakia. "Mafindofindo. Na yanaambukiza."

Mwanamume akahama benchi. Namba ikaitwa.

Mtahini alikuwa mwanamke mwembamba mwenye kalamu nyekundu na uso usiodai wala kudaiwa. Alifunga mkanda, akasema, "Twende," basi. Mjane akawasha gari. Vidole vilikuwa baridi kama vya maiti, lakini vyote kumi vilikuwa kwenye usukani. Macho yakitaka kushuka miguuni, anayapandisha. Kioo. Indiketa. Mapipa akayapita yote, la mwisho kwa upana wa kiganja, na jasho likamteremka mgongoni kama mtu kamwagiwa maji.

Kikabaki kilima.

"Simama hapa katikati," mtahini akasema. "Sasa ondoka."

Nyuma yao lori la mchanga likaja likasimama, karibu mno, pua yake imejaa kioo kizima. Aliachia klachi. Gari likatetemeka, halafu likaanza kurudi. Polepole kwanza. Kisha si polepole. Honi ya lori ikalia, mdomo wa mjane ukafunguka wenyewe, na kifungo kikateremka kooni.

Breki! Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Lakini amwambie nani? Ndani ya gari lile hapakuwa na wa kumwambia.

Mguu ukakanyaga. Gari likaganda. Akavuta pumzi, akasikiliza injini, akaachia klachi tena kama anayemlaza mtoto, na kilima kikapita chini yao.

Mtahini aliandika kwa muda ulioonekana kama mwaka.

"Mama," akasema bila kuinua macho, "unaendesha kama mtu anayemwogopa dereva wake."

Kisha akafunika kalamu yake nyekundu.

"Lakini unaendesha. Umepita."

Pale benchini wifi alipiga kigelegele kimoja, akakumbuka walipo, akajiziba mdomo kwa viganja viwili.

Saa nane mchana walikuwa wamerudi mjini kwao. Wifi akashukia sokoni. Mjane akatembea mpaka kwenye kona ya mtaa, karatasi ya leseni imekunjwa kifuani. Gari dogo jeupe lilikuwa limeegeshwa pale, kibao cha shule ya udereva juu ya paa, na watu watatu wakanyanyuka kumpokea.

"Mwalimu! Tulidhani leo huji!"

Akaingia kwenye kiti cha pembeni, kile chenye breki yake ya ziada, alichokalia kwa miaka minne tangu mumewe, aliyekuwa mwalimu kabla yake, azikwe. Kwenye kiti cha nyuma mwanafunzi mmoja, fundi cherehani, alikuwa analia.

"Nimefeli mara mbili, mwalimu. Niache nikashone nguo zangu. Hebu niambie ukweli, wewe ulipita mara ya ngapi?"

"Ya saba."

"Lini?"

"Leo asubuhi."

Gari zima likaangua kicheko. Fundi naye alicheka mpaka akafuta machozi, akaomba aanze yeye kushika usukani.